Unene, uzazi na sindano mpya: tujipange kabla hazijajaa sokoni

Mwishoni mwa mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilichukua hatua tatu ambazo kwetu zilipita karibu bila kelele. Mwezi wa 9 liliingiza katika orodha ya dawa za lazima sindano za kundi la semaglutidi, kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya 2 ambao pia wana ugonjwa wa moyo au wa figo pamoja na unene uliozidi. Mwezi wa 11 lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu ugumba. Tarehe 1 mwezi wa 12 likatoa mwongozo wa kutumia sindano hizo kwa kutibu unene wenyewe. Sisi wa mashariki tulikuwa na mengine ya kuhangaikia, na si ajabu. Lakini mambo haya matatu yanakutana katika nyumba nyingi za washiriki wetu: mume na mke wanaongoja mtoto, mama ameongezeka kilo, na jirani anamwambia kuna dawa.

Wengine watasema, unene gani katika nchi ya njaa? Ni kweli kwamba zaidi ya Wakongomani milioni 25 wanakosa chakula cha kutosha. Hata hivyo njaa na unene vinakaa avenyu moja, na wakati mwingine nyumba moja. Mama aliyezoea kulima na kubeba mzigo mlimani, leo shamba halifikiki kwa sababu ya usalama. Anakaa mchana kutwa kwenye meza ya biashara, anakula mandazi na chai ya sukari, na jioni bugali kubwa na mboga kidogo. Tumbo limejaa, mwili haujapata kinachohitajika. Tuongeze na desturi yetu: bibi-arusi akinenepa tunasema mume wake anamtunza, akikonda tunaanza kuuliza maswali. Ndiyo maana wako wasichana wanaomeza siproheptadini au deksametazoni ili wapate makalio na mashavu. Ya kwanza ni dawa ya mzio, ya pili ni dawa kali ambayo daktari huiandika kwa sababu maalum. Ikimezwa ovyo inaweza kupandisha sukari na tansio. Tunanunua unene famasini, kisha tunashangaa mimba inapokawia.

Unene unazuiaje mimba? Mafuta ya mwilini hayakai bure kama gunia lililowekwa kona. Yanatengeneza homoni, na yanaufanya mwili usiitii vizuri insulini, ile inayoongoza sukari. Insulini ikizidi katika damu, ovari zinaweza kushindwa kukomaza yai na kulitoa kila mwezi. Dalili ambayo mama anaweza kuiona mwenyewe ni siku zake kupishana sana, au kukosekana miezi miwili, mitatu. Mara nyingi nyuma yake kuna tatizo la ovari zenye vifuko vidogo vingi, ambalo OMS mwaka 2023 ilikadiria linawapata wanawake 8 hadi 13 kwa kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba wanalo.

Mwanaume naye yumo. Mafuta mengi yanageuza sehemu ya homoni ya kiume kuwa homoni ya kike, na mbegu zinaweza kupungua au kudhoofika. Hapa tuseme wazi: karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto zina tatizo upande wa mume, peke yake au pamoja na la mke. Lakini katika parokia zetu ni mke anayepelekwa kwa daktari, kwa maombi, kwa dawa za miti, na mwishowe kwa wazazi wake. Kipimo cha mbegu za kiume ni rahisi kuliko vipimo vingi vya mwanamke, na mume anayekikataa anamfanya mke wake alipie gharama zisizo zake.

Tusiutupie unene lawama zote pia. Katika Afrika yetu sababu kubwa ya ugumba wa wanawake imekuwa mirija iliyoziba kwa maambukizo: magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, uchafu wakati wa kuzaa au mimba kuharibika. Mama wa namna hiyo akipunguza kilo 20, mirija haitafunguka. Kwa hiyo kupima kwanza.

Na kupungua kunasaidia kiasi gani? Mama wa mita 1 na sentimeta 60 mwenye kilo 85 amekwisha kuvuka mstari ambao OMS inauita unene wa ugonjwa. Akipunguza sehemu 5 hadi 10 kwa mia, yaani kilo 4 hadi 8 tu, mara nyingi siku zake zinaanza kurudi kwenye mpangilio. Si lazima awe mwembamba kama msichana wa miaka 18. Lakini asiahidiwe mtoto. Uholanzi wanawake 577 wanene waliokosa mimba walifuatiliwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016: nusu walisaidiwa kupungua kwa miezi 6 kabla ya matibabu ya uzazi, nusu walianza matibabu mara moja. Waliopungua kwanza walishika mimba kwa njia ya kawaida wengi zaidi, karibu 26 kwa 100 dhidi ya 16. Lakini ukihesabu waliozaa mtoto mzima kwa njia ya kawaida na kwa wakati wake, hawakuwazidi wenzao. Basi mama wa miaka 38 asiambiwe apoteze miaka miwili akikonda kabla ya kuonwa na daktari. Umri nao unakwenda.

Faida nyingine ya kupungua mapema iko kwenye mimba yenyewe. Mama mnene ana hatari kubwa zaidi ya kisukari cha mimba, tansio ya mimba, damu kuganda, mtoto mkubwa anayekwama mabega, kupasuliwa, kidonda kukawia kupona, hata mtoto kufia tumboni. Mjini hayo ni mazito. Kijijini ambako kituo cha afya hakina chumba cha upasuaji na usiku hakuna pikipiki inayothubutu kutoka, ni hatari kabisa. Mama huyo aanze CPN mapema, aombe kupimwa sukari na siyo tansio peke yake, na ajue tangu mwezi wa 6 hospitali gani atazalia na atafikaje. Akishabeba mimba asijaribu kukonda. Wataalamu wa Marekani wanashauri mama mnene aongezeke kilo 5 hadi 9 hivi, siyo kushuka.

Sasa sindano. Zinapunguza kilo kweli, zinakata hamu ya kula. Mwaka huu wa 2026 hati miliki ya semaglutidi inafika mwisho katika nchi kama India, na dawa nyingi za famasi zetu zinatoka huko. Tunaona zitafika, kwa bei ambayo mfanyabiashara wa mjini ataiweza. Hapo tuna hofu mbili. Kwanza, kabla ya kufunguliwa zinatunzwa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8, na sote tunajua friji za kwetu umeme ukikatika siku tatu. Tena mwaka 2024 OMS ilitoa onyo juu ya semaglutidi za bandia zilizokamatwa katika nchi zenye ukaguzi mkali kuliko wetu. Pili, mwongozo wa OMS unawatoa wajawazito waziwazi. Anayetaka mimba anapaswa kuacha semaglutidi angalau miezi miwili kabla. Lakini mwili ukipungua yai linaanza kutoka tena, na mama aliyejiona tasa anashika mimba huku sindano ingali mwilini. Muuza dawa wa kando ya barabara hatamwambia hilo. Upasuaji wa tumbo upo katika nchi nyingine. Kwetu ni habari ya wachache wanaosafiri, na nao wanaagizwa wangoje mwaka au zaidi kabla ya kubeba mimba.

Kwa wengi wetu yanabaki ya kawaida: soda na sukari ya chai zikatwe kwanza, bugali ipungue na sombe, lengalenga, maharagi na sambaza viongezeke, mawese yapimwe kwa kijiko na siyo kwa kumimina, na kutembea nusu saa kila siku pale usalama unaporuhusu. Vinakwenda vizuri zaidi nyumba nzima ikila chungu kimoja. Mama akipikiwa peke yake mboga huku wengine wanakula vya kukaanga, baada ya wiki mbili ameacha.

Mahubiri juu ya Hana tumeyasikia mara nyingi. Juu ya Penina aliyemchokoza mpaka akashindwa kula, mara chache, ingawa yeye ndiye anayekaa nasi kwenye viti vya kanisa, akimwambia mwenzake kwamba mafuta yamefunga kizazi. Hospitali za jumuiya zetu, kama Panzi ya CEPAC huko Bukavu, zina madaktari wa magonjwa ya wanawake. Kikundi cha akina mama kinaweza kumwalika muuguzi aje na mizani na mashine ya tansio Jumamosi moja kwa mwezi, na kikundi cha akina baba kipimwe siku hiyo hiyo.