SEHEMU YA 6: Kwa nini mabinti wa sinema wanapotea mapema?

Niliahidi somo la uji wa mtoto wa miezi sita, nisameheni, litakuja. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumatatu na nisipolitoa silali, halafu kesho nina zamu ya usiku.

Jumatatu ilikuwa kliniki ya watoto hapa Kibaha. Akaja mama na mtoto wa miezi tisa kwa chanjo ya surua na rubela. Mwenyeji wa Kisarawe, ndani huko njia ya Maneromango, ila kwa sasa yuko kwa dada yake Mailimoja. Aliyembeba mtoto ni binti yake mkubwa wa miaka 14, kidato cha pili. "Shikamoo anti." Marahaba mwanangu. Nikamtazama usoni. Mashavu mekundu, lakini masikio na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Nyie mnaojua mnajua. Mkorogo.

Sijauliza kitu, mama akaniwahi, uso wote kicheko: "Nesi, huyu ni msanii."

Binti kacheza kipande kwenye tamthilia ya mtandaoni, watu wamekitazama kweli kweli. Sasa kuna watu Dar wanamtaka akae kambini miezi mitatu wapige sinema. Na shule? "Atarudia mwakani." Mkataba je? Akatoa karatasi moja iliyokunjwa mara nne, ilikuwa ndani ya kadi ya kliniki ya mtoto. Nikaisoma nikiwa nimesimama. Malipo ya mara moja, picha na sauti ni mali yao siku zote, na sahihi ya mzazi. Basi. Hakuna anayelala naye kambini, hakuna saa za kazi, hakuna akiugua nani anamtibia.

Akaniuliza, "Nesi, ungekuwa wewe ungemruhusu?" Foleni ilikuwa mpaka nje. Nikamwambia nipe siku mbili tatu, na ile karatasi usiisaini. Jibu langu ni hili, na naliweka hapa kwa sababu najua hayuko peke yake.

Msanii wa kike akivuma halafu akapotea, sisi Watanzania tuna majibu matatu mfukoni. Kalewa sifa. Karogwa na wenzake. Kaendekeza wanaume. Nimeyasikia saluni, nimeyasikia kwenye daladala, na mimi mwenyewe nimewahi kuyasema. Siku hizi siyaamini. Naona tunamlaumu binti kwa mambo ambayo watu wazima waliomzunguka hawakuyafanya.

Mchukueni Elizabeth Michael, Lulu wetu. Wengi wenu mlimwona kwenye maigizo ya Kaole pale ITV, akiwa mtoto kabisa. Kale katoto kalikuwa na kipaji, hakuna anayebisha. Akaingia kwenye sinema, akacheza na wakubwa, jina likawa la nchi nzima kabla hajawa mtu mzima. Aprili 7, 2012 Steven Kanumba akafariki nyumbani kwake Sinza, na Lulu ndiye aliyekuwa naye usiku ule. Akashtakiwa kwa mauaji. Mnakumbuka mahakamani walibishana kwanza juu ya nini? Umri wake. Mawakili wake walisema hajafikisha miaka 18, ashughulikiwe kama mtoto. Baadaye shtaka likabadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia, na Januari 2013 akapata dhamana.

Sirudii kesi hapa, mahakama ilishamaliza kazi yake. Ninachokumbuka ni maneno ya mtaani wakati ule. Kila mtu alikuwa anauliza yule binti alifuata nini kule usiku. Sikusikia wengi wakiuliza ni nani alikuwa na kazi ya kujua msichana wa umri ule yuko wapi saa zile, tangu siku ya kwanza alipowekwa mbele ya kamera.

Na angalieni, kipaji hakikwenda popote. Mwaka huo huo wa 2013 akatoa Foolish Age. Mwaka 2016 filamu yake ya Mapenzi ikachukua tuzo ya filamu bora ya Afrika Mashariki kwenye AMVCA kule Lagos. Novemba 2017 Mahakama Kuu ikamhukumu miaka miwili jela, na Mei 2018 akatoka kumalizia adhabu kwa huduma za jamii. Mwaka 2021 akafunga ndoa. Sinema zake tangu atoke ni za kuhesabu. Watu wanasema "kapotea". Mimi nikihesabu miaka naona mtu aliyefanya kazi tangu utotoni, akapita kwenye msiba na kesi kabla ya kutimiza miaka 20, na bado akarudi akashinda tuzo. Angekuwa mwanangu ningemwambia pumzika.

Halafu kuna soko lenyewe. Enzi zile za CD na DVD, mtengenezaji alikuwa anapeleka filamu kwa msambazaji Kariakoo, anauza na haki zote kwa mkupuo mmoja, kwaheri. Filamu ikiuzwa mwaka mzima, ikaoneshwa kwenye kila kibanda umiza kuanzia Chalinze mpaka Chanika, mcheza sinema haioni tena hata shilingi. Alishalipwa siku ya kupiga picha, kama alilipwa. Ndiyo maana staa akipata mafua ya wiki mbili tu, hana kodi ya nyumba. Kanumba alipoondoka watu wengi walipungukiwa na mtu wa kuwaita kazini. Kopi za wizi zikazidi, CD zikafa, kazi ikahamia kwenye tamthilia za visimbuzi na YouTube. Mlango umebadilika, ila karatasi niliyoisoma Jumatatu ni ile ile ya zamani. Lipwa mara moja, kaa pembeni.

Sasa niseme kama nesi, maana hapa ndipo ninapopajua.

Mwili wa msichana wa miaka 14 bado unajengwa. Anahitaji kulala saa nane mpaka kumi kila usiku. Kwenye kupiga sinema hakuna anayelala, scene ya usiku inapigwa usiku, na ya mchana inasubiri mvua ikate. Anakula chipsi saa tano usiku na soda. Damu yake ya mwezi ni nyingi, chuma hakuna, anakuja kwangu macho meupe, anazimia. Watu wanasema ana majini.

Mkorogo nao. Hizi krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na bado zinauzwa. Zebaki inapita kwenye ngozi, inakwenda kwenye figo, na siku akibeba mimba inamfikia mtoto. Ngozi inakuwa nyembamba, jua la Kibaha linamchoma, anaongeza krimu kuficha. Akifika miaka 22 ule uso waliomtafutia ndio wanaomkatia. "Amechuja." Nani alimwambia ajichubue? Mara nyingi ni mtu wa kambini aliyesema kamera inapenda weupe. Jumatatu nilipomuuliza yule binti, mama ndiye aliyejibu: "Mimi ndiye niliyemnunulia." Sikumgombeza. Alishaanza kulia.

La tatu mtaniwia radhi, akina baba mvumilie. Binti wa kambini hana mama wa kumlinda usiku. Nimeshakutana na P2 kwenye mikoba ya mabinti, vidonge vya dharura wanavimeza kila wiki kama pipi. Nimempokea leba msichana wa miaka 15, presha imepanda, kifafa cha mimba kimeanza, na aliyempa mimba simu yake haipatikani. Hakuwa msanii, alikuwa mwanafunzi wa kawaida tu, lakini mwili haujui tofauti. Kiuno hakijakomaa, uchungu unachukua siku mbili, mwingine anaondoka na fistula.

Na hata yule aliyekua vizuri, akaolewa, akazaa kwa wakati wake, bado anapotea. Mwalimu wa Mlandizi akijifungua ana likizo yake ya siku 84 yenye mshahara, pacha ni siku 100. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inasema hivyo. Mcheza sinema wa kulipwa kwa siku hana hiyo likizo kwa sababu hakuna aliyemwajiri. Akirudi baada ya miezi minne maziwa yanamwagika, tumbo halijarudi, nafasi imeshapewa mwenye miaka 19. Kwenye hadithi zetu mwanamke anakuwa mchumba, halafu anaruka moja kwa moja anakuwa mama mkwe mkorofi. Hapo katikati, yaani kuanzia 25 mpaka 45, anaishi wapi? Ndiyo umri wenu wengi mnaonisoma. Hawaandiki kisa chenu, basi hawana kazi ya kumpa.

Kuna mmoja nataka mama wa Kisarawe amkumbuke, kwa sababu kwao wanamfahamu. Jokate Mwegelo. Aliingia Miss Tanzania mwaka 2006, mwaka ule taji lilipokwenda kwa Wema Sepetu. Akaigiza. Sisi wa kliniki tunamkumbuka kwa Chumo ya mwaka 2011, ile filamu ya malaria kwa mjamzito, na kama una mimba sasa hivi na hujameza SP yako, kesho asubuhi kituoni tafadhali. Sinema hakuendelea nazo. Lakini hamsikii mtu akisema Jokate kapotea, kwa sababu alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa na biashara yake ya Kidoti, halafu 2018 akaletwa Kisarawe kuwa mkuu wa wilaya mpaka 2021. Akapigia kelele sifuri za kidato cha nne, na leo Kisarawe kuna sekondari ya wasichana yenye jina lake. Mambo ya vyama wekeni pembeni, na sisemi kila binti awe mkuu wa wilaya. Nasema sinema ilipofunga mlango wake, alikuwa na mlango mwingine.

Mtaniambia nesi unaua vipaji. Hapana. Mkoa wetu huu huu wa Pwani una TaSUBa, Bagamoyo. Ni chuo cha serikali cha sanaa, watu wanasomea kuigiza, ngoma, muziki, wanatoka na cheti. Mtu akimaliza kidato cha nne anaomba. Kutoka Kibaha ni safari ya asubuhi unarudi jioni. Kipaji cha kweli hakiozi kwa kusubiri miaka miwili.

Na sheria ipo, tusijifanye hatujui. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Akifika 14 anaruhusiwa kazi nyepesi isiyoharibu afya wala masomo yake. Kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, haruhusiwi. Sasa ile kambi ya miezi mitatu katikati ya muhula ni kazi nyepesi gani?

Lipo la kwetu wazazi, nalo ni chungu. Yule mama ana watoto wanne, baba yao hatumi kitu, anauza mihogo. Ile hela ya kwenye karatasi kwake ni nyingi. Mimi nina mshahara, ni rahisi kwangu kusema kataa. Nimelifikiria hilo usiku wote. Lakini mtoto akianza kulisha nyumba akiwa na miaka 14, hakuna atakayemwambia hapana tena. Si mama, si mjomba, si yule mwenye kamera. Na ile hela ikiisha, shule imeshaondoka na rafiki zake wako kidato cha nne.

Kwa hiyo mama yangu, kama unasoma hapa, na najua dada yako ananifuata: ningekuwa wewe nisingemruhusu kambini. Ningewaambia wamngoje likizo ya Desemba, wapige mchana, uende naye wewe au dada yako, mkae pale pale mpaka mwisho. Hela yake nusu iingie akaunti ya mtoto. Ile sentensi ya "siku zote" ifutwe, ziandikwe filamu ngapi na miaka mingapi. Wakikasirika wakaondoka, umeshawajua. Mkorogo aache leo, asisugue kitu kingine, apake mafuta ya kawaida na mje nimwone ngozi. Asiogope, sitamsema.

Niliwapigia Jumatano simu haikupatikana. Alhamisi ya wiki ijayo nipo kliniki asubuhi, na nimemwachia ujumbe dada mtu pale Mailimoja waje na ile karatasi, binti naye aje. Nitawaambia ilivyokwenda. Uji wa miezi sita ni Jumapili, andaeni ulezi.