Rezo ya mugodi ikikatika, nani anasikia kule chini?

Siku hizi, ndani ya migodi mikubwa, simu ya chini, kamera na hesabu za mashine vinapita katika rezo moja. Swichi moja ikizimika, vyote vinaweza kunyamaza pamoja. Kipushi, shimo namba 5 linashuka karibu metre 1.240: hata upige kelele namna gani, juu habasikie.

Dawa iko. Swichi zinafungwa kwa duara. Waya ikikatwa huku, sauti inapitia kule. Mbinu ya zamani ya kutafuta njia mpya ilichukua segonde 30 mpaka 50. Ile ya MRP inaweza kumaliza chini ya robo ya segonde. Kwa mutu anayeita juu ya moshi, tofauti ni kubwa sana.

Lakini muangalie vizuri. Waya mbili zikilazwa katika njia moja, jiwe moja linazikata zote. Na swichi yenye kulishwa mara mbili na laini ileile ya SNEL, umeme ukienda, inalala tu. Bajeti ndogo? Pompe za maji ziko na za akiba. Wajumbe wa wafanyakazi waombe ramani ya waya kwenye komite ya usalama.