Petroli inaishia wapi, kwa kijana au kwenye kabureta?

Mama mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, ameniandikia. Kijana wake anaendesha bodaboda ya mkataba, na miezi miwili iliyopita aliipeleka kwa fundi, injini ikapandishwa kutoka cc 125 hadi 150 ili isimchoshe vilimani. Tangu siku hiyo hesabu ya mwenye pikipiki haitimii. Kijana anasema injini inakunywa petroli. Mama anahisi hela inakwenda kwingine. Sasa hawasemeshani vizuri. Anauliza, "Nimwamini?"

Mama yangu, anachosema mwanao kinawezekana kabisa, na kinapimika.

Pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 zina injini iliyotokana na Honda CG125 ya miaka ya 1970. Pistoni yake ina upana wa milimita 56.5, ile ya 150 ina milimita 62. Ukiziweka mkononi tofauti ni ndogo, lakini injini mpya inameza hewa zaidi kwa moja ya tano. Vijana nao hawaishii hapo. Wanatoa kichujio cha hewa, wanabadili ekzosi ili ingurume. Kisha inafungwa kabureta kubwa iliyong'olewa kwenye pikipiki nyingine, na hakuna anayesoma namba ya jeti iliyomo ndani.

Jeti ni kijipande cha shaba chenye tundu la kupitisha petroli. Kati ya jeti namba 95 na namba 105 jicho halioni tofauti, ila mfuko unaiona.

Umesema fundi huzungusha skrubu kila jioni. Ile skrubu ya nje inarekebisha sailensi tu, yaani mngurumo pikipiki ikiwa imesimama, pamoja na mwendo mdogo sana. Bodaboda haipatii riziki hapo. Kutwa nzima akseleta iko robo au nusu, Igoma hadi Buzuruga, Buzuruga hadi mjini, na katika mwendo huo petroli inapimwa na sindano iliyo ndani ya kabureta. Sindano hiyo ina mikato kadhaa juu yake. Kipini kikihamishwa mkato mmoja kwenda juu, sindano inashuka na petroli inapungua. Jeti kubwa inatawala akseleta ikifunguliwa yote, kama kupanda Bugando na abiria. Fundi asiyefungua kabureta anawatengenezea sauti tu.

Jambo jingine watu wa kanda yetu hulisahau: ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo namba ya jeti aliyotajiwa kwa simu na fundi wa Kariakoo inaweza kuzidisha petroli huku kwetu.

Mwambie kijana akirudi kutoka safari ndefu azime injini, aiache ipoe, kisha afungue plagi mbele yako. Ncha ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi, mwanao hakudanganyi. Nusa na oili: ikinuka petroli, imwagwe, kwa sababu imeshakuwa nyepesi na inasaga injini. Ncha ikiwa nyeupe kama chokaa, petroli ni pungufu. Hiyo ndiyo inayonitisha zaidi. Itaonekana inabana matumizi, huku joto linapanda hadi pistoni inatoboka, na mkataba unabaki kudaiwa kwa pikipiki isiyowaka. Rangi ya kahawia ndiyo tunayoitaka.

Kichujio kirudishwe kabla ya kugusa jeti yoyote. Vumbi la barabara za Kishiri na Buswelu halina huruma na pistoni mpya.

Halafu pimeni. Ajaze tenki asubuhi hadi alama moja, aandike kilomita, ajaze tena jioni hadi alama ile ile. Kama mita ya kilomita imekufa, na nyingi zimekufa, ahesabu safari. Fanyeni hivyo wiki moja kabla ya marekebisho na wiki moja baada yake. Lita moja inayopotea kila siku, kwa siku 26 za kazi, ni lita 26 kwa mwezi. Petroli ya kupimia isiingie jikoni kwenye mkaa, wala isiwekwe kwenye chupa ya maji ambayo mtoto anaweza kuinywa.

Je, mwenye pikipiki anajua kwamba injini imebadilishwa? Kadi bado inasema 125. Aambiwe sasa, asije akasikia kijiweni. Na breki zikaguliwe, maana mwendo umeongezwa lakini breki ni zile zile.

Plagi ikishakuwa ya kahawia, lita zikawa zimeshuka, na hela bado haionekani, hapo mkalishe kijana. Usimkalishe peke yako. Mjomba wake awepo, na daftari la petroli liwe mezani.