Kujitegemea Si Kubahatisha

Gari la kifahari likizimika kati ya Tarime na Mugumu, wakala wa kampuni yuko mbali. Fundi wa chini ya mti yuko karibu. Ndugu zetu wa visiwani, ambao gari lao bovu huvuka maji kwanza, wanaijua zaidi adha hii.

Mashangingi ya leo huongozwa na kompyuta. Hata hivyo, si kila hitilafu ni ya wakala. Tundu la pini 16 chini ya usukani, lililolazimishwa Marekani kwa magari ya toleo la 1996 na kuendelea, humwezesha mwenye kifaa kidogo kuisoma hitilafu. Fyuzi, betri na waya uliolegea tunaviweza. Breki na mifuko ya hewa tusivichezee. Hapo kubahatisha ni kuua.

Magari ya Serikali yamekabidhiwa TEMESA, iliyoundwa mwaka 2005. Tunawakumbusha viongozi: karakana isiyo na fundi aliyesomea umeme wa magari ni banda tu. Vijana wa Mara wafundishwe kazi hiyo.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisisitiza kujitegemea. Anayejitegemea kweli hujua anachokifanya, na hukiri asichokijua.