Gemu za zamani: faida imo kwenye vipuri

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayetaka kujaza duka mashine za gemu za zamani atafakari kwanza. Famicom ya Nintendo iliingia sokoni Japani mwaka 1983, uzalishaji wake ukakoma 2003. PlayStation 2 ya Sony ilisitishwa mwanzoni mwa 2013. Hivyo Famicom "mpya" ya leo aghalabu ni ya kuigiza, na kaseti iliyoandikwa "gemu 9999" hurudia zilezile chache. Mteja aliyedanganywa harudi.

Mtaji mdogo ni afadhali uende kwenye pedi, waya na adapta. Mwenye kibanda cha gemu hulipwa kwa muda. Pedi ikifa, mapato husimama, naye hukimbilia Kariakoo siku hiyohiyo. Muuzaji anayejaribu kifaa mbele ya mnunuzi ndiye atakayedumu.