Noti ya Zaire sandukuni: piga hesabu kabla ya kulipa "ada ya kupimwa"

Mwezi uliopita mzee mmoja kutoka kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika alitupigia simu studio. Swali lake lilikuwa fupi: "Mwanangu, laki moja na themanini ni bei ya haki kupimisha noti?"

Alikuwa na noti ya zaire milioni tano yenye picha ya Mobutu, iliyoachwa na marehemu kaka yake aliyekuwa akifanya biashara Kalemie. Mtu asiyemfahamu alimpigia akamwambia kuna tajiri Dubai atakayeinunua kwa shilingi milioni 40. Sharti ni moja tu: itangulie hela ya kuipeleka Marekani ipimwe ubora. Mzee alikuwa ameshapata mteja wa mbuzi wake wawili.

Tulimwomba asiuze kwanza. Maelezo haya ni yake, na ni ya kila msikilizaji mwenye noti ya zamani ya nje ndani ya sanduku.

Kwa nini maswali yamekuwa mengi

Kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025, Benki Kuu ya Tanzania iliondoa kwenye mzunguko noti za shilingi za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Watu walifungua masanduku kutafuta shilingi, na huku kwetu Kigoma wengi walikuta pia zaire, faranga za Burundi na dola za zamani. Matapeli nao wakapata kazi mpya.

Kupimwa ni nini hasa

Huduma yenyewe ipo kweli. Nchini Marekani kuna kampuni kama PMG zinazokagua noti, kuthibitisha kwamba si bandia, kuipa alama kati ya 1 na 70, kisha kuifunga ndani ya plastiki ngumu. Alama hutegemea hali ya karatasi. Noti mpya kabisa hupata 60 na kuendelea. Iliyokunjwa hata mara moja katikati haifiki 60. Iliyopita mikononi mwa watu wengi hupata 20 au 30 na kitu.

Sasa fikiria noti iliyofungwa kwenye pindo la khanga kwa miaka 30. Kuipiga pasi, kuiosha au kuibandika gundi ya karatasi hakuisaidii. Wakaguzi huona, na alama hushuka.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: kampuni hizo hazinunui noti na hazikutafutii mnunuzi. Zinasema noti ni halali na iko katika hali gani, basi. Kupimwa hakuigeuzi noti ya kawaida kuwa adimu.

Zaire milioni tano ina thamani gani?

Namba ni kubwa, lakini ilitokana na mfumuko wa bei. Noti hiyo ina tarehe ya Oktoba 1992. Wafanyabiashara wengi waliikataa, na Januari 1993 wanajeshi waliolipwa mishahara kwa noti hizo walifanya ghasia Kinshasa. Watu wengi waliuawa, akiwemo balozi wa Ufaransa. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa zaire milioni tatu za zamani. Kwa maana hiyo, milioni tano ya mzee wetu haikufika hata zaire mpya mbili. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya laki moja.

Leo hakuna benki itakayoibadilisha. Wakusanyaji wa noti wanainunua, lakini noti za Zaire za miaka ya 1990 zimejaa sokoni, na nyingi huuzwa kwa dola chache.

Hesabu ya kijijini

Tuseme noti yako inaweza kuuzwa dola 10, yaani kama shilingi 25,000. Kuipima kihalali kuna ada ya ukaguzi, gharama ya kuituma Marekani kwa njia salama, na gharama ya kuirudisha. Kwa noti moja kutoka huku kwetu, si rahisi gharama zote zishuke chini ya shilingi laki mbili. Umetumia laki mbili kuuza kitu cha elfu 25.

Kwa hiyo jiulize: noti ikishapimwa, bei yake itapanda kuzidi gharama yote? Kama hujui, usilipe. Na unapotafuta bei mtandaoni, angalia noti zilizokwisha kuuzwa, si zile zilizotangazwa. Kutangaza bei ya milioni hakumgharimu mtu chochote.

Zipo noti zinazostahili kuulizwa zaidi: rupia za benki ya Wajerumani zilizoanza kutolewa 1905, hasa za thamani kubwa, na noti kubwa za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki zenye picha ya mfalme wa Uingereza, zikiwa katika hali nzuri. Lakini rupia moja za wakati wa vita, 1915 na 1916, zilichapwa kwa wingi, kwa hiyo nazo zisikupe homa.

Dola ni habari nyingine. Marekani haijafuta noti zake za zamani. Duka la fedha likikataa dola yako kwa sababu ya mwaka, ulizia benki nyingine. Haihitaji kupimwa.

Alama za tapeli

Amekupigia yeye. Ametaja bei bila kuiona noti. Anataka hela itangulie, tena kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Anakuharakisha, na hataki umshirikishe mwanao. Huyu ni ndugu wa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ujumbe wake utume kwenda 15040, kisha fuata maelekezo utakayopewa.

Mnunuzi wa kweli hukata gharama kwenye bei yake. Anayetaka noti yako ndiye wa kutoa hela.

Mzee wetu hakutuma. Alipomwambia yule mtu akate hiyo laki na themanini kwenye milioni 40 zake, simu ilikatwa na haikupatikana tena. Noti imerudi sandukuni, na mbuzi wote wawili wapo zizini.