Ujuzi wa wakili usiishie mpakani Namanga

Kijana wa Umoja au Dandora, jijini Nairobi, anayetaka kuwa wakili husomea shahada ya sheria miaka 4, huenda Shule ya Sheria ya Kenya, hufanya mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria na kutumikia miezi 6 chini ya wakili mzoefu, ndipo aapishwe mbele ya Jaji Mkuu. Wazazi hukopa kwenye chama na kwenye sacco ili afike hapo. Hata hivyo, akitaka kuhamia Kampala au Arusha, kuwemo kwake katika daftari la mawakili wa Kenya hakumpi ruhusa ya kusimama mahakamani huko. Kila nchi ina daftari lake na masharti yake. Hata Zanzibar, iliyo ndani ya Muungano, ina Mahakama Kuu yake na mawakili wake. Kenya, Uganda na Tanzania zinapaswa sasa kukubali mawakili wa nchi jirani kwa mtihani mmoja mfupi wa sheria za mahali wanakohamia.

Hilo tayari tuliahidiana. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama kutambua vyeti vya elimu na taaluma vya kila moja. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi walitia saini makubaliano yao kati ya 2011 na 2012. Mawakili, ambao kusoma itifaki kama hii ndiyo kazi yao, wamebaki nyuma. Zaidi ya hayo, Kifungu cha 37 cha Mkataba wa Jumuiya kinamruhusu wakili wa nchi yoyote mwanachama kuwakilisha mteja katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kule Arusha. Wakili huyo anaaminiwa kuishtaki serikali nzima mbele ya majaji wa kanda, kisha haaminiwi kudai deni la mfanyabiashara katika mahakama ya wilaya iliyo mtaa wa pili.

Gharama ya vizuizi hivi ilionekana wazi katika kesi ya Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani wa Uganda. Novemba 2024 alichukuliwa Nairobi, na siku chache baadaye akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Martha Karua, aliyewahi kuwa Waziri wa Haki wa Kenya, aliomba cheti cha muda ili amtetee. Baraza la Sheria la Uganda lilimkatalia Desemba, akakipata Januari 2025. Ikiwa mtu wa hadhi yake alisubiri hivyo, wakili chipukizi mwenye ofisi ya chumba kimoja karibu na Mahakama ya Makadara atangoja hadi lini? Na wateja anao. Maduka ya Eastleigh na mafundi wa Kamukunji huuzia wanunuzi wa Uganda, Tanzania na Kongo. Mzigo ukizuiliwa Busia au deni likikwama Arusha, mwenye duka hulazimika kulipa mawakili wawili, au kusamehe haki yake.

Wapo wanaosema sheria zetu hazifanani. Ni kweli kwa Rwanda, Burundi na Kongo, zilizorithi mfumo wa Kibelgiji, ndiyo maana napendekeza kuanza na nchi tatu zilizorithi mfumo wa Kiingereza. Tofauti zilizobaki, kama zile za sheria za ardhi na taratibu za mahakama, ndizo hasa zinazofaa kupimwa kwa mtihani mfupi. Wengine wanahofia viwango kushuka. Lakini mwaka 2022, kati ya wanafunzi 633 wa Shule ya Sheria ya Tanzania, 26 tu ndio waliofaulu moja kwa moja. Aliyepita chujio kama hilo hana haja ya kuchujwa upya tangu mwanzo. Kuhusu nidhamu, chama cha mawakili anakotoka kithibitishe mwenendo wake, na adhabu anayopewa upande mmoja itambuliwe upande wa pili.

Hoja nzito zaidi ni ya ajira: vijana wetu tayari wanahangaika, tuwaletee washindani? Kampuni kubwa za Nairobi zilishajipatia washirika Kampala na Dar es Salaam, kwa hiyo ukuta huu hauzizuii. Unamzuia asiye na mtaji wala jina. Kwingineko, Umoja wa Ulaya uliwafungulia mawakili mlango huu mwaka 1998, na majimbo mengi ya Marekani hupokea alama za mtihani mmoja wa pamoja ulioanza 2011. Sisi tunaanza na faida ya lugha, mipaka iliyo karibu na biashara ambayo tayari inavuka.

Chama cha Wanasheria cha Kenya na wenzake wa Uganda na Tanganyika (Tanzania Bara) waandike makubaliano hayo, wayape tarehe ya kuanza kazi, na wayapeleke kwa mabunge yao. Mwanafunzi anayeingia Shule ya Sheria mwaka huu anastahili kujua, kabla hajalipa karo, kwamba atakachokisomea kitamfaa katika nchi zote hizi tatu.